Wiki Aliyonyamaza Bi Hajira

Sauti ya Bi Hajira binti Mussa ilikuwa inafika kabla yake. Watu wa Chumbi waliizoea kama walivyozoea mashine ya kukoboa: ikianza, kila mtu anapandisha sauti yake kidogo, ikinyamaza, watu wanatazamana. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mshamu, alikuwa na kipaza sauti cha kushika mkononi kwa ajili ya matangazo, lakini betri zikiisha hakuhangaika. Alipita kwa Bi Hajira, akasema, "Mkutano kesho saa nne, shuleni," na kazi ikawa imekwisha.

Harusini ndiye aliyeanzisha nyimbo. Wenzake kumi na tano wakiitikia kwa pamoja, bado yeye mmoja alisikika juu yao kama maziwa yanapopanda kwenye sufuria. Mumewe, Gharibu, mwaka mmoja wa mvua nyingi alikwenda Nyamisati kununua samaki, akapanda boti ya Mafia, akaoa huko na hakurudi. Wapo waliosema alichagua kisiwa kwa makusudi, apate maji ya kutosha katikati. Bi Hajira aliposikia utani huo alicheka kuliko wote, kisha akauliza kwa sauti ambayo pengine ilivuka hayo maji: "Kwani hapo alipofika hanisikii?"

Kitu kimoja tu hakikumchekesha. Mwaka uliopita nguruwe pori walimaliza mpunga wake. Alikuwa amelinda miezi miwili juu ya dungu lake huko bondeni, akapatwa na homa, akalala alfajiri mbili tu mfululizo. Alipoamka ya pili, shamba lilikuwa limelala pia, mashina yamekatwa na kukanyagwa kama mkeka uliochakaa. Mwaka huo alikula mchele wa dukani. Mwanamke aliyezaliwa bondeni, mama yake mlimaji, bibi yake mlimaji, alikwenda na kibakuli dukani kwa Hashimu mchana kweupe, na Hashimu akampimia huku akimuuliza kama anataka ule wa kupikia pilau au wa kawaida. Bi Hajira aliapa kwamba bakuli lile halitavuka tena mlango wa duka.

Ndiyo maana, mpunga mpya ulipokuwa bado mbegu, alikwenda kwa Luhende, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa na boma lake ukingoni mwa bonde, akamwachia mkeka mpya wa rangi tatu, akarudi na kijibwa ndani ya kikapu.

Kijibwa chenyewe kilikuwa cha rangi ya udongo, sikio moja limesimama, la pili bado halijaamua. Jirani yake Mwajabu, shoga yake wa miaka thelathini na mpinzani wake wa muda huo huo, alimwona akipita.

"Shoga, umeleta nini humo?"

"Mlinzi."

"Mlinzi gani analia kama bawaba? Na sisi na mbwa wapi na wapi? Jina lake nani?"

Bi Hajira alikuwa hajafikiria jina. Alimtazama Mwajabu, akamtazama mbwa.

"Hayawahusu," akasema.

Na jina likabaki hilo.

Kuhusu dini alikuwa ameshauliza. Jirani yake wa upande wa pili, Mwalimu Abdulhalim, aliyesomesha chuo cha Kurani barazani kwake, alimwambia kwamba mbwa wa kulinda shamba hana tatizo, ila chombo chake kiwe mbali na vyombo vya watu, na akiramba chombo kioshwe mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Bi Hajira akaweka kopo la udongo safi pembeni ya mlango wa jiko, tayari, kama wengine wanavyoweka sabuni.

Majuma ya kwanza waliishi bondeni. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya miti mirefu, na mtu akiwa juu yake anaona shamba lote na anatulia juu ya maji yanapokuja. Hayawahusu alipandishwa ngazi ndani ya kikapu kila asubuhi, akakaa ukingoni, pua yake hewani. Ndege walioshuka kufukua mbegu aliwaona yeye kwanza. Alibweka mara moja, kibweko chembamba kama cha mtu aliyekabwa na tonge. Papo hapo Bi Hajira akapiga debe kwa fimbo, gwa-gwa-gwa, akapaza, "Hooooya!" Ndege wakaruka kama majivu. Kijibwa kilimgeukia Bi Hajira, sikio limesimama, mkia unafagia mbao, kikabweka tena. Gwa-gwa-gwa. "Hooooya!" Baada ya siku kumi walikuwa wanakwenda pamoja bila kukosea: mbwa, debe, hoya. Bi Hajira alimmegea dagaa na kumsifu. Akaona amepata mlinzi.

Kisha mvua za masika zikaja, mto ukajaa, maji yakaenea bondeni mpaka kiunoni. Mpunga wa bondeni hupenda hivyo, na nguruwe hawapendi. Hapakuwa na la kulinda mpaka maji yapungue na masuke yaanze kutoka. Bi Hajira akafunga dungu, akarudi nyumbani kijijini na Hayawahusu mabegani.

Ndipo matatizo yalipoanza, kwa kuwa kijiji kina vitu vingi vinavyotembea kuliko shamba.

Hayawahusu alimbwekea kuku. Akambwekea jogoo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu jogoo alijibu. Alibwekea pikipiki, mzigo wa kuni, mtu aliyevaa kofia, mtu yule yule aliyevua kofia, khanga iliyoanikwa, upepo ulioigusa khanga. Adhana ya alfajiri ikianza, naye alianza. Watoto wa chuo wakifungua juzuu zao na kusoma kwa pamoja barazani kwa Mwalimu, yeye alisimama kando ya ua na kubweka kila walipovuta pumzi, mpaka darasa zima likavunjika mbavu, na Mwalimu Abdulhalim akalazimika kugeuza uso ili asionekane naye anacheka. Siku moja alichomoka kwenye kamba akaramba ndoo ya Mwajabu. Mwajabu aliiosha ndoo uani kwa Bi Hajira, mbele ya Bi Hajira, akihesabu kwa sauti: "Moja! ... Mbili! ... Lete udongo wako huo! ... Tatu!" Na kila alipotaja namba, Hayawahusu alibweka.

Bi Hajira alifanya lililokuwa jepesi kwake. Alipiga kelele. "Nyamazaaa! We mbwa we! Nyamaza nakwambia!" Na kwa kuwa sauti peke yake haikutosha, alichukua sufuria na mwiko, akagonga. Mbwa alibweka, sufuria ikalia, Bi Hajira akapaza. Ndege wote wa kitongoji walihama.

Jumamosi asubuhi Mzee Mshamu alikuja. Alisimama mbali na kamba ya mbwa, mikono nyuma, kama mtu anayekagua daraja.

"Bi Hajira, nimekuja kiserikali."

"Karibu kiserikali. Nyamaza, Haya! Nyamazaaa!"

"Nina wazee wanne hawajalala tangu Jumanne. Nina mwalimu ambaye wanafunzi wake wanasoma huku wanabweka. Nimevumilia. Huyu mbwa wako Hayawahusu sasa anatuhusu."

"Mwenyekiti, maji yakipungua naondoka naye. Wiki mbili tu."

"Wiki mbili ni nyingi. Nakupa mpaka Ijumaa, baada ya sala. Nitakuja mwenyewe na Mwalimu. Tukikuta kimya, abaki. Tukikuta hivi..." Alisubiri Hayawahusu amalize. "Tukikuta hivi, Luhende anahamisha ng'ombe zake Jumamosi. Amekubali kumchukua tena."

"Na nguruwe nitawafukuza na nini? Na kitambulisho cha mpiga kura?"

"Ijumaa, Bi Hajira."

Alipoondoka, Bi Hajira alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akaliona bakuli lile la mchele limening'inia ukutani jikoni. Jambo lilikuwa hilo tu, halina mzunguko: mbwa akienda, bakuli linashuka.

Jioni alimpigia binti yake Subira, aliyekaa Mbagala na ambaye simu yake ilijua kila kitu.

"Mama, nimesoma mtandaoni. Mbwa mdogo akibweka sana ni upweke. Mnunulie vitu vya kuchezea. Mdoli wa kutafuna."

"Wewe umekua unachezea gunzi, leo mbwa anunuliwe mdoli?"

"Basi mtembeze. Asubuhi na jioni. Achoke."

"Nimtembeze kwenda wapi?"

"Hakuna kwenda, Mama. Kutembea tu."

Jumapili, Bi Hajira akatoka na mbwa kwenye kamba. Mwajabu alikuwa anapepeta uani kwake.

"Mnakwenda wapi, shoga?"

"Tunatembea."

"Kwenda wapi?"

"Kutembea tu."

Mwajabu akaweka ungo chini. "Mwenyezi Mungu akuponye," akasema, na alikuwa hatanii.

Matembezi yalizaa tofauti moja. Mpaka siku ile mbwa alikuwa anasikika upande mmoja wa kitongoji. Sasa alisikika pande zote nne, na Bi Hajira nyuma yake akimkemea, gwa-gwa kwa mwiko kwenye kifuniko alichokuja nacho. Watu walitoka milangoni wakidhani kuna mtu kapotea na anatafutwa.

Jumatatu, karibu adhuhuri, katikati ya "Nyamaz...", sauti yake ilikatika. Haikupungua wala kukwaruza kwanza kama sauti za watu wengine. Ilikatika kama kamba ya ndoo kisimani. Alifungua mdomo, ukatoka upepo.

Akajaribu tena. Upepo.

Alikaa kibarazani na kikombe cha tangawizi, mikono yote miwili kwenye kikombe, mwiko chini ya kigoda. Jogoo akapita. Hayawahusu akabweka.

Bi Hajira hakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama, na kwa mara ya kwanza alitazama. Mbwa alibweka mara moja, kisha hakumwangalia tena jogoo. Alimgeukia yeye. Sikio lililosimama lilikuwa limesimama, na lile lisiloamua lilikuwa linajaribu. Akangoja. Akabweka tena kidogo, kama mtu anayerudia swali. Akangoja. Akainamisha kichwa upande, akatazama mwiko, akamtazama Bi Hajira mdomoni. Kisha akashusha pumzi, akajizungusha mara mbili, akalala, pua juu ya miguu. Jogoo aliparua udongo mbele yake kadiri alivyotaka.

Tangawizi ilipoa mikononi mwa Bi Hajira.

Miaka thelathini alikuwa ameongoza nyimbo. Alijua kitu kimoja ambacho hata wapiga ngoma wengine hawakijui: kinachombeba mwanzilishi si koo lake, ni wale wanaomwitikia. Mwanzilishi akitoa mstari na hakuna wa kuitikia, atatoa wa pili kwa aibu, na wa tatu hautoki. Yeye mwenyewe iliwahi kumtokea, harusi moja ya Mahege, wenzake walipokasirika kwa sababu ya chakula na kufunga midomo. Mistari miwili, akakaa chini.

Na sasa alikumbuka dungu. Mbwa, debe, hoya. Kila siku tangu akiwa wa kubebwa kikapuni. Kwa Hayawahusu, "nyamaza" na "hoya" vilikuwa kiitikio kimoja, na sufuria ilikuwa debe dogo. Kadiri mama alivyopaza, ndivyo wimbo ulivyonoga.

Yaani yeye, Hajira binti Mussa, mwanzilishi kutoka Chumbi hadi Kibiti, amekuwa mwitikiaji wa mbwa.

Alicheka. Haikutoka sauti yoyote, mabega tu yalitikisika, na Hayawahusu akafungua jicho moja, akalifumba.

Toka hapo alijua la kufanya, na halikuwa gumu kwa mbwa. Mbwa akibweka, yeye hageuki, haguni, hagusi hata kijiko. Mbwa akinyamaza na kubaki kimya kwa muda wa kusoma Alhamdu, anapata kichwa cha dagaa. Jumatatu ile ile jioni alipita punda wa matofali, mbwa akabweka mara nne tu. Jumanne, pikipiki: mara mbili. Watoto wa chuo walipoanza, alisimama, akafungua mdomo, akamwangalia Bi Hajira, akaona mgongo, akaufunga.

Taabu ilikuwa upande wa pili wa kamba. Jumatano alfajiri sauti ya Bi Hajira ilirudi. Aliisikia mwenyewe akinong'ona nia ya sala, nzima, safi, imepumzika, nzito kama debe lililojaa. Akaelewa kwamba asipoirudisha ndani mpaka Ijumaa, kazi yote itakwenda na maji. Mbwa mdogo alikuwa bado hajajua tofauti kati ya kupaza kwa hasira na kupaza kwa salamu. Kwa Bi Hajira hata yeye mwenyewe tofauti haikuwa kubwa.

Akajifunga khanga kichwani na nyingine shingoni kama mgonjwa, akakaa kibarazani na ukili. Wanawake wa huko husuka ukili, utepe mrefu unaoshonwa baadaye kuwa mkeka, kwa minyaa, vipande vyembamba vya majani ya mkindu, na mikono huendelea hata akili ikiwa kwingine. Pembeni aliweka fungu la minyaa myeupe, na kifurushi kidogo cha minyaa iliyotiwa rangi nyekundu.

Kijiji kikasikia kwamba Bi Hajira amepoteza sauti. Habari hiyo ilisambaa polepole, maana aliyekuwa akisambaza habari ndiye mgonjwa. Lakini ilisambaa, na watu wakaja kumpa pole. Na watu, wakimkuta mtu waliyemwogopa miaka yote amekaa hawezi kujibu, hupatwa na ukweli.

Mwajabu alikuja wa kwanza, na uji wa mtama.

"Pole, shoga. Kunywa. Na kwa kuwa leo tumekaa wawili kwa utulivu, wacha nikwambie jambo. Ile pilau uliyoisimamia harusi ya yule binti, Tatu, pilau ile ilishika chini. Sufuria nzima. Tulikula kwa heshima."

Bi Hajira alifungua mdomo. Hayawahusu akainua kichwa. Bi Hajira akafunga mdomo, akachukua unyaa mmoja mwekundu, akausuka ndani ya ukili.

"Hutaki uji?" akauliza Mwajabu, akiwa amevunjika moyo kidogo.

Alasiri alikuja Hashimu wa dukani, mtu mpole, ndevu za kuhesabika. "Tangawizi hii, Bi Hajira, bure kabisa. Wewe ni mteja wangu. Tena nilitaka kukutoa wasiwasi: nimeagiza mchele magunia mengi msimu huu. Hutapungukiwa."

Unyaa mwekundu wa pili ulikazwa mpaka ukakaribia kukatika.

Alhamisi alikuja Sikudhani, aliyemwitikia Bi Hajira harusini miaka minane, binti mwenye meno mazuri. "Da Hajira, usijisumbue na harusi ya mwezi ujao. Nyimbo zako zote ninazijua. Nyingine nimezirekebisha."

Wa tatu. Mwalimu Abdulhalim naye alisimama uani, juzuu kwapani, akatabasamu kwa upole wote aliojaliwa. "Watoto wamehifadhi sura nzima kwa siku mbili, alhamdulillahi. Sasa najiuliza, Bi Hajira, kama kweli aliyekuwa akiwasumbua ni mbwa."

Wa nne. Alhamisi jioni ukili ulikuwa na mistari minne myekundu, na koo la Bi Hajira lilikuwa linamwuma kwa afya.

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Mshamu alikuja na Mwalimu, wote katika kanzu nyeupe. Nyuma yao walikuja watu ambao hawakualikwa, akiwemo Mwajabu na kigoda chake. Bi Hajira alikuwa kibarazani, ukili mapajani. Hayawahusu alikuwa amelala, kamba ikiwa imelegea.

"Asalaam aleikum."

Bi Hajira akaitikia kwa kuweka mkono kifuani.

"Tunaanza," akasema Mwenyekiti.

Jogoo alipita, hakuna aliyempanga, alipita kwa fahari yake. Mbwa alimfuata kwa macho. Mwalimu akaashiria, na barazani kwake watoto wakaanza kusoma, kwa sauti kubwa kuliko siku zote maana waliambiwa wasipunguze. Hayawahusu aliketi. Akaangalia ua. Akamwangalia Bi Hajira. Bi Hajira aliangalia ukili. Mwenyekiti, ambaye alitaka haki ionekane, akampungia kijana wa pikipiki aliyekuwa akingoja barabarani. Pikipiki ikapita, ikazunguka, ikapita tena na honi.

"Bw..." akasema Hayawahusu.

Watu wote wakashika pumzi. Mbwa alimgeukia Bi Hajira, sikio limesimama, na safari hii, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, la pili nalo likasimama. Alingoja. Vidole vya Bi Hajira vilikwenda juu, chini, juu, chini. Mbwa akashusha pumzi. Akaamka, akavuta kamba, akanusa hewa karibu na pindo la kanzu ya Mwenyekiti. Mwenyekiti akapandisha kanzu mpaka magotini na kusimama kwa ncha za vidole, akihesabu moyoni mara saba za kuiosha. Mbwa akapiga chafya, akarudi, akalala.

"Subhanallah," akasema Mwalimu.

Mzee Mshamu alishusha kanzu yake na heshima yake. "Mimi ni mtu wa neno. Mbwa anabaki." Hapo angeweza kuishia. Lakini alimwona Bi Hajira amekaa kimya, ametulia, khanga shingoni, na ukweli ukampata naye. "Na nyinyi wenzangu tazameni. Kumbe anaweza! Masikini Gharibu. Angeyaona haya siku moja tu, pengine leo tungekuwa naye hapa."

Kicheko kilipita uani. Hata Mwajabu alicheka, kisha akajiziba mdomo na kumtazama shoga yake.

Bi Hajira alichukua unyaa mwekundu, akausuka. Alimaliza mstari wote, hakuruka hata msuko mmoja. Kisha akasimama, akaweka ukili begani, akatia dagaa na fungu la minyaa myeupe kwenye pindo la khanga, akachukua debe lake, akafungua kamba ya mbwa na kutoka. Alipita mbele ya Mwenyekiti, mbele ya Mwalimu, mbele ya duka la Hashimu, mbele ya mlango wa Sikudhani. Mbwa alimfuata kimya, mkia juu. Watu walibaki uani wakitazamana, kama mashine ya kukoboa imezimwa.

Bondeni maji yalikuwa yamepungua mapema kuliko alivyohesabu, mpaka chini ya goti. Mpunga ulikuwa umebeba, na shambani kwake masuke ya kwanza yalikuwa yanachungulia. Kutoka nyumba za mwisho hadi dungu lake ni mwendo wa robo saa kwa miguu, lakini kwa sauti, juu ya maji na hakuna mti katikati, si mwendo kabisa. Alimpandisha mbwa, akapanda, akalifunga debe mahali pake. Akafungua khanga ya shingoni. Akautandaza ukili kwenye mapaja, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu wa kwanza.

"MWAJABUUU!"

Hayawahusu aliruka futi nzima kutoka kwenye mbao.

"Pilau ya Tatu ilishika chini kwa kuwa mchochea moto ulikuwa wewe!"

Bwe! akasema Hayawahusu. Gwa-gwa-gwa, likasema debe. "Hooooya!"

"Hashimuuu! Mchele wako ule mwenyewe, nusu chuya nusu kokoto!"

Bwe! Gwa-gwa-gwa. "Hooooya!"

"Sikudhani, mwanangu! Kabla hujazirekebisha nyimbo zangu, jifunze kwanza zinapoanzia!"

Bwe!

"Na wewe Mwalimu, kwa heshima yako yote! Watoto wamehifadhi kwa sababu siku hizi mbili umelazimika kukaa macho! Aliyekuwa akikuamsha barazani kila siku ni huyu mbwa!"

Bwe! Bwe! Mbwa sasa alikuwa anacheza kwa miguu minne, macho yanang'aa. Mambo yamerudi mahali pake: shamba, debe, mama. Bi Hajira alijisikia kama amekunywa maji baada ya siku nne za jua. Alishika mstari wa tano. Jibu lake la tano alikuwa amelitengeneza njia nzima kutoka nyumbani, na lilikuwa refu, na lilimtaja Mshamu, na mke wa Mshamu, na lile jambo la Mshamu la mwaka wa mafuriko. Akavuta pumzi.

Hapo matete yakatikisika.

Waliibuka kutoka ukingo wa shamba lake lenyewe, nguruwe jike na watoto wake sita, wamechafuka tope, masikio nyuma. Walikuwa wameshafika, basi, siku ile ile maji yaliposhuka. Walikimbia kelele ile kama watu wanaokimbia moto, wakavuka mfereji, wakaingia shamba la jirani na kusimama. Huko kulikuwa kimya. Huko masuke yalikuwa mengi kuliko ya Bi Hajira. Jike likainamisha pua.

Shamba lile lilikuwa la Mzee Mshamu.

Bi Hajira alishika fimbo ya debe hewani. Wiki nzima kijiji kilimwomba anyamaze, na sasa kunyamaza kulikuwa kutamu kama halua. Alilitazama lile jike likipinda shina la kwanza. Alilijua lile shina linavyolia. Mwaka uliopita alilisikia usingizini akadhani ni mvua.

"MSHAMUUU!" akapaza. "Nguruwe wako shambani kwako! Kimbia!"

Mwenyekiti alifika chini ya dungu, kando ya mfereji, akiwa ameshika panga na pindo la kanzu, tope mpaka mapajani. Alipiga makofi, akatoa sauti nyembamba ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Jike lilimtazama, likaendelea kula.

"Bi Hajira! Mshushe mbwa!"

"Mbwa ana meno kama ya mchele, Mwenyekiti, lile jike litamtafuna. Kazi yake ni mdomo."

"Basi abweke!"

Hayawahusu alibweka. Kisha akamgeukia Bi Hajira na kungoja, masikio yote mawili juu. Bi Hajira alimtazama, akamtazama mtu aliyesimama kwenye maji, akafungua kamba ya debe. Akaliteremsha debe taratibu mpaka mikononi mwa Mwenyekiti, na fimbo yake.

"Itikia," akasema.

"Nini?"

"Yeye akianza, wewe unapiga. Kisha unasema hoya. Kwa nguvu, si kama mkutanoni."

"Bi Hajira, mimi ni..."

Bwe!

Jike lilipinda shina jingine. Mzee Mshamu akalitazama debe, akaweka panga kwapani, akapiga. Gwa-gwa-gwa.

"Hoya," akasema.

"Sisikii," akasema Bi Hajira.

Bwe!

Gwa-gwa-gwa! "Hooooya!"

Nguruwe waliinua vichwa. Kule juu, Hayawahusu hakuwa tena na habari na mama yake. Alikuwa amegeukia kanzu iliyoloa, mkia unafagia mbao, anamngoja mwitikiaji wake mpya. Bi Hajira akakaa chini, akaning'iniza miguu ukingoni, akachambua minyaa. Akauchomoa ule mstari mwekundu wa tano, msuko baada ya msuko. Mahali pake akaanza kusuka kwa minyaa myeupe, kimya, huku bonde zima likipiga kelele kwa niaba yake.